Mchanga wa Kuletwa na Lori

Duluth, Minnesota
9 Januari

Mpwa wangu Corinne,

Nakusalimu kutoka mji ambao ziwa lake limeganda mpaka watu wanapitisha magari juu yake na hakuna anayeona ajabu. Joanne hajambo, mumewe hajambo, na paka wao hajambo kuliko sisi sote, maana kiti kizuri amekichukua yeye. Mimi ni mzima, ila masikio yameniaga. Juzi binti yangu kaniuliza kama nataka supu, nikamjibu kwamba Jumanne inanifaa. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga simu.

Delia bado anaigiza? Mwambie babu yake wa Duluth anamuulizia. Na ukipita makaburini kwa mama yako, mfutie theluji usoni. Dada yangu alikuwa hapendi baridi.

Haya, nije kwenye lililonikalisha na kalamu. Shule ya Dry Fork imefika wapi? Niliondoka mwishoni mwa Novemba, wiki moja baada ya sherehe ya kuchimba udongo wa kwanza. Mabeleshi nilipaka rangi ya dhahabu kwa mkono wangu, mpaka leo ipo kwenye kucha. Wewe umo kwenye bodi ya shule za wilaya, usiniambie hujui. Kuta zimeinuka? Mlango unaangalia wapi? Nilimwahidi Lowell Brekke kwamba mlango wa shule mpya utaangalia barabarani, si kwenye upepo kama ule wa zamani unaowapiga watoto makofi kila asubuhi.

Unajua kwa nini nauliza. Mlipotaka watu wapige kura ili wilaya ikope kwa hatifungani, na deni lilipwe kwa kodi za mashamba yao, Dry Fork hawakutaka kusikia. Mlikuja na michoro ya rangi, wakaitumia kuwekea vikombe vya kahawa. Nikasimama mimi. Miaka arobaini nimekuwa dalali wao wa mnada. Nimenadi ng'ombe wao, matrekta yao na vyombo vya marehemu wao, na sijawahi kusema "imeuzwa" nikarudi nyuma. Waliniamini mimi. Kwa hiyo nijibu upesi, mwanangu.

Mjomba wako,
Orrin


Kesling, Oregon
2 Februari

Mjomba Orrin, shikamoo.

Barua yako imetufikia tukiwa salama, isipokuwa gari langu, ambalo limekataa kuwaka tangu Krismasi. Kwa mama nilipita Jumapili. Nimemfuta theluji na kumwambia unamsalimu.

Delia amepata nafasi ya malkia katika mchezo utakaoonyeshwa Oktoba. Anazunguka nyumbani na taji la kadibodi, akitaka chumvi anasema "leteni chumvi". Wanafanyia mazoezi kwenye bwalo la chakula la sekondari, si unajua hatuna ukumbi, kwa hiyo malkia na askari wake wote wananukia vitunguu. Mwalimu wao anawaambia vumilieni, ukumbi wenu unakuja, upo kwenye ule mradi wa hatifungani. Delia keshachagua mahali atakaposimama siku ya kuufungua. Ameniomba nimshonee gauni la kijani na nimeshanunua kitambaa, ingawa unazijua sindano zangu. Zile pazia za mama nilizoshona bado zinaning'inia upande upande.

Kuhusu Dry Fork, mambo yanaendelea. Tunasubiri zabuni za wakandarasi zifunguliwe. Kwenye mchoro mlango unaangalia barabarani, nimetazama mwenyewe.

Joanne mpe salamu. Kula mboga.

Mpwa wako,
Corinne


Duluth
20 Februari

Corinne,

Hatujambo. Paka ana mafua.

Umeniandikia gauni, taji, vitunguu na pazia za marehemu, halafu shule ukaipa mistari mitatu. Mwanangu, mimi nimenadi vitu maisha yangu yote. Mtu akianza kunisifia rangi ya trekta, huwa naenda moja kwa moja kufungua injini.

Zabuni zimefunguliwa au hazijafunguliwa? Na ule mchanga wa siku ya sherehe bado upo?

Orrin


Kesling
15 Machi

Mjomba, shikamoo.

Wote wazima. Gari limetengenezwa. Sasa nakufungulia injini.

Zabuni zilifunguliwa siku kumi kabla barua yako haijafika, na nilikuwepo. Mkandarasi wa bei nafuu kuliko wote ametaka robo zaidi ya fedha tulizonazo. Makadirio yetu yalikuwa ya miaka miwili nyuma, na tangu hapo chuma kimepanda, mbao zimepanda, na mafundi wote wamekimbilia mjini Boise. Mkurugenzi wetu wa shule, Dakta Garrity, alizisoma bahasha zile kwa sauti ile ya mtu anayesoma majina msibani.

Pendekezo lake ni hili. Sekondari ya Kesling ijengwe yote, pamoja na ukumbi, kwa sababu ndiko walikojaa wanafunzi. Dry Fork "iahirishwe". Nikamuuliza kuahirishwa maana yake nini, akasema boila la zamani la kupasha joto madarasa halitamaliza baridi nyingine, kwa hiyo watoto wapande basi waje Kesling. Barabara ile unaijua. Nikamwambia watu walipigia kura shule mbili. Mwanasheria akainua karatasi ya kura na kutusomea: "kukarabati au kujenga upya shule za Kesling na Dry Fork, kadiri fedha zitakavyoruhusu". Akasema neno "au" linatupa nafasi. Mjomba, neno la herufi mbili, na basi zima la watoto linapita ndani yake.

Umeniuliza mchanga. Upo. Siku ile ya sherehe ardhi ilikuwa imeganda jiwe, unakumbuka, wakaleta mchanga wa lori wakaumwaga uwanjani ili wakubwa wapate cha kuchota wakipigwa picha. Nimeufikiria sana mchanga ule. Hatukuigusa ardhi ya Dry Fork hata kidogo. Tulichimba mchanga wa machimbo ya Kesling na mabeleshi yako ya dhahabu, tukapiga makofi, tukala keki.

Bodi itapiga kura mwezi wa sita. Tuko watano. Wawili wanataka pendekezo la Garrity. Wawili wanataka kila jengo lipunguzwe ili shule zote mbili zipate kitu, na ukumbi uondolewe kabisa. Wa tano ni mimi.

Lingine. Garrity ananiomba nikuombe uwaandikie watu wa Dry Fork. Anasema wewe watakusikia, ukiwaambia wakubali basi, watakubali bila fujo. Basi nimekuomba kama alivyotaka. Sijasema nataka nini mimi mwenyewe, na tafadhali usiniulize.

Corinne


Kesling
11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Sijui kama barua yangu ya Machi ilipotea au wewe ndiye umeipoteza kwa makusudi. Nilimpigia Joanne. Anasema u mzima, unakula, ila unatembea ndani ya nyumba kutoka dirisha moja hadi jingine mpaka paka kaacha kiti chake akakupisha njia. Mimi nami silali vizuri. Nikifumba macho naona basi la shule barabarani kwenye barafu, na nikifumbua namsikia Delia anakariri maneno ya malkia chumba cha pili.

Jumanne iliyopita tulikwenda Dry Fork, kwenye ukumbi wa wakulima, kuwaeleza. Walikuja wote, hata wale wasio na watoto. Garrity alionyesha picha zake ukutani. Alipofika kwenye neno "kuahirishwa", Lowell Brekke akasimama, na kofia kichwani.

"Samahani, daktari. Na kodi nayo imeahirishwa?"

"Hapana, bwana Brekke. Kodi ni ya hatifungani, na hatifungani zimeshauzwa."

"Kwa hiyo kulipa nalipa, ila shule ndiyo naahirishiwa."

"Watoto wenu watanufaika na jengo la Kesling."

"Ng'ombe wangu nao watanufaika na majani ya jirani," Lowell akasema, "ila jirani ana bunduki."

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Kisha akanigeukia mimi.

"Corinne, yule mjomba wako yuko wapi?"

"Yuko Duluth kwa binti yake."

"Nyumba yake kaiuza?"

"Kaiuza, Lowell. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, na kitanda nilibeba mimi. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetuambia pigeni kura ya ndiyo, na yeye ndiye asiyelipa hiyo kodi. Dalali mzuri sana. Sijawahi kuona aliyenadi kitu asichokuwa nacho, akawauzia wasiokitaka, akaondoka kabla hakijafika."

Nilitaka kukujibia. Nikakaa, na mpaka leo nina aibu.

Tukitoka nikaona juu ya ule mchanga wamechomeka mwavuli wa pwani, na viti viwili vya kukunja, na kibao: KARIBUNI UFUKWENI DRY FORK, KUOGELEA BURE. Garrity alidhani ni watoto. Mwandiko naujua, ni wa mke wa Lowell.

Mjomba, niandikie. Nitukane ukitaka.

Corinne


Duluth
6 Mei

Corinne mwanangu,

Salamu zangu kwako na kwa Delia. Barafu ya ziwa imevunjika. Joanne kapandishwa cheo kazini na mumewe kanenepa kwa furaha. Paka kapona na kiti karudishiwa, kwa sababu sasa natembea nje.

Barua zako zote mbili nilizipata kwa wakati. Sikukujibu kwa kuwa kila nilipoanza, nilianza kwa hasira, na sikujua hasira ile ni ya nani. Nilimkasirikia Garrity, nikamkasirikia mwanasheria, nikakukasirikia wewe kwa gauni la kijani. Ilipofika kwa Lowell sikuweza. Nilikwishapata kadi yake, mwezi wa pili, kabla sijakuuliza mchanga. Tumeandikiana kadi kila mwaka tangu sote tuna nywele, na kila moja inaanza na hujambo Orrin, sisi hatujambo. Hii haikuwa na salamu. Ilikuwa na mstari mmoja: "Mchanga wako unapeperuka." Nimeipindua kutafuta salamu nyuma. Hakuna.

Nilikuwa nimeshahisi, basi, wakati wewe unanificha. Ndiyo sababu nikataka unifungulie injini.

Garrity mwambie hivi. Siwezi kuuza kitu kimoja mara mbili kwa watu walewale, mara ya kwanza kama shule na mara ya pili kama basi. Sitawaandikia. Lile neno "au" nililisoma mwenyewe pale kwenye ukumbi wa wakulima, na Lowell aliniuliza maana yake. Nikamwambia ni la fundi: akifika ataangalia kama jengo linatengenezeka au linabomolewa. Ndivyo nilivyolielewa na ndivyo mtu yeyote angelielewa. Kumbe lilikuwa la mwanasheria.

Wewe sitakuambia upige kura gani. Usinisukume. Una mtoto anayengoja ukumbi, nami ndugu zangu wako Dry Fork, na sisi wote wawili tunajua ningesema nini, kwa hiyo nikisema itakuwa si kura yako. Mama yako angenirudi kutoka alikolala.

Lakini nimesoma kwenye karatasi zenu kwamba mtu aliye mbali anaweza kupeleka maoni yake yakasomwa mbele ya bodi, dakika tatu kama kila mtu. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Mpe katibu wenu, Paulette. Usiifungue. Mwambie asome yote, kila neno, kama lilivyoandikwa.

Mjomba wako


Kesling
11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, ila nyumba hii ina watu wawili na anayeongea ni mmoja. Nitakueleza baadaye.

Kikao kilikuwa jana, kwenye bwalo lilelile la vitunguu. Dry Fork walikuja kwa malori na kujaza viti vya nyuma, Lowell ukingoni, kofia kichwani. Mbele walikaa wazazi wa Kesling, na Delia na wenzake wa maigizo wamevaa fulana za aina moja. Mimi nilikuwa kwenye meza ndefu, kibao cha jina langu mbele yangu, na nakuapia hadi saa ile nilikuwa sijui nitapiga kura gani. Nilikuwa na hesabu mbili kichwani na zote zilikuwa sahihi.

Watu wakasema dakika zao. Kisha Paulette akafungua bahasha yako. Unamjua, hata orodha ya chakula cha wiki na taarifa ya kifo huzisoma kwa sauti ileile. Akasoma:

"Mabibi na mabwana, ninayo hapa ahadi moja. Imetumika mara moja tu, Mei mwaka jana, na ni nzima, ila ina mkwaruzo kwenye neno 'au'. Nilipoinadi kule Dry Fork niliwaambia huo si mkwaruzo. Aliyeinunua anaendelea kuilipia kila mwaka kwenye kodi ya shamba lake. Sasa mwenye mali anataka kuirudisha ghalani. Naambiwa sheria inamruhusu. Mnadani hairuhusiwi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeinadi, na siishi tena huko, na sina kodi ya kulipa wala haki ya kupiga kura, nimebaki na kazi yangu tu. Nainadi upya. Pesa siziombi, najua hamna. Naomba mkono wa mmoja wenu mliokaa meza ndefu. Nani anainunua? Mara ya kwanza. Paulette, ngoja hapa."

Mjomba, alilisoma na hilo. "Paulette, ngoja hapa," akasema, kisha akangoja. Watu walianza kucheka halafu wakaacha. Mwenyekiti wetu, Dwight, akaangalia saa yake. Kwa nyuma kiti kikalia. Nikamwangalia Lowell, naye alikuwa anaangalia dari kama mtu aliyekwishajua bei haitafika.

"Mara ya pili," akasoma Paulette. "Ngoja zaidi ya mwanzo."

Alingoja. Nilikumbuka nikiwa mdogo, nilipokaa miguuni pako kwenye mnada wa vitu vya mzee Brekke, nikajikuna pua, ukasimamisha mnada mzima kuniambia, "Corinne, hapa mkono ukiinuka umenunua." Nikamwangalia Delia. Alikuwa ananiangalia, na nadhani alijua kabla yangu, kwa sababu alitikisa kichwa kidogo, hapana.

Nikainua mkono.

Paulette akapekua karatasi. Akasoma: "Kama kuna mkono, sema imeuzwa, ukae. Kama hakuna, mrudishie mpwa wangu bahasha." Akafikiri kidogo. "Imeuzwa," akasema, akakaa.

Dwight alisema hiyo si kura na taratibu haziitambui. Basi akaitisha kura yenyewe, na nikainua tena mkono uleule, kwa maana nisingeweza kuugeuza mbele ya watu wale. Watatu kwa wawili. Majengo yote mawili yanapunguzwa. Kesling inapata madarasa bila ukumbi. Dry Fork inapata shule, ndogo kuliko mchoro, juu ya msingi wa zamani, kwa sababu msingi mpya hatuuwezi. Na kwa kuwa msingi ni wa zamani, mlango utabaki pale ulipo. Utaangalia upepo. Nilijaribu, mjomba, nilibishana na mchoraji hadi akafunga kalamu. Hilo moja la mlango nimeshindwa.

Dry Fork hawakupiga makofi. Waliinuka wakatoka. Lowell alipita karibu na meza, akasimama, akavua kofia, akaivaa tena, akaenda.

Delia alirudi nyumbani na rafiki yake. Asubuhi nimekuta taji la kadibodi kwenye pipa. Nimelitoa, nimelipangusa, nimeliweka juu ya kabati. Kitambaa cha kijani bado hakijakatwa. Sijutii, na inauma sana, yote mawili kwa pamoja, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwandikia hivyo.

Corinne


Duluth
24 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwako, na hii nyingine mpe Delia mkononi: mwambie nakuja Oktoba kumtazama akiwa malkia, bwaloni humohumo. Nitakaa kiti cha mbele kabisa kwa sababu sisikii, kwa hiyo apaze sauti, na vitunguu visimsumbue, nimenadi nguruwe kwenye harufu mbaya zaidi. Najua hatajibu. Mpe hivyo hivyo. Na gauni likate, upande upande wake uuache hivyohivyo.

Ulikuwa unajikuna pua siku ile ya mzee Brekke. Nililijua hilo. Ila ilikuwa lazima nikuambie.

Nimelisoma lile la mlango nikakaa nalo siku nzima. Niliwaambia barabarani. Sikulala, nikajiandaa kumwandikia Lowell kwamba hata hilo nimewauzia bovu. Asubuhi Joanne akanitilia kadi mkononi, muhuri wa posta ya Dry Fork. Nimeinakili hapa yote, haikuchukua muda:

"Orrin, hujambo? Sisi hatujambo. Jana wamekuja na mashine, wakauondoa mchanga kwanza. Mlango utaangalia upepo. Tutasukuma. Lowell."

Mjomba wako